Von Dutch na Wenzake: Wachora Mistari wa California, na Namna ya Kumkumbuka Fundi Wako

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi napaka rangi na kuchora matatu na tuktuk hapa Mombasa. Fundi aliyenifunza kazi alifariki mwaka jana. Ameniachia brashi mbili za manyoya marefu yaliyokatwa mshazari, mfano wa upanga, na daftari alilobandika picha za magari kutoka magazeti ya Marekani. Alikuwa akisema mistari yake aliipata kwa "kina Von Dutch", na mimi jina hilo nalijua kwenye kofia za mitumba tu. Watu hao walikuwa nani? Waliwezaje kuvuta mstari mrefu bila rula? Na nikitaka mzee akumbukwe nifanyeje, maana magari yake karibu yote yameshapigwa rangi nyingine?

JIBU

Marahaba, fundi. Pole kwa kuondokewa na mwalimu wako. Niruhusu nianze na kofia, kwa sababu ndiyo iliyowapotosha wengi.

Jina lililo kwenye kofia zile za mitumba za soko la Kongowea ni la mtu aliyeishi. Von Dutch lilikuwa jina la kazi la Kenneth Howard, mzaliwa wa 1929, aliyekulia Los Angeles. Baba yake alikuwa mchora mabango, na kijana alizoea brashi na makopo ya rangi ya baba tangu akiwa mdogo. Alianzia kwenye karakana ya pikipiki, kisha miaka ya 1950 vijana wenye magari wakaanza kumfuata. Mtindo wa California wakati huo ulikuwa kununua Ford au Mercury iliyokwisha tumika, kulikata paa lishuke, kung'oa nembo na vishikio vya nje, na kuziba matundu kwa risasi iliyoyeyushwa. Mashine ya kusaga ikipita pale huacha michirizi, na si kila mwenye gari alikuwa na pesa za kupaka boneti nzima upya. Howard alichora mistari juu ya makovu hayo. Kwa kuwa nembo ilikuwa katikati ya boneti, kovu nalo lilikuwa katikati, na mchoro ukakaa hapohapo, upande wa kulia ukiujibu wa kushoto. Mwenye gari alilipa ili afiche kasoro. Jirani yake, ambaye boneti yake haikuwa na kasoro yoyote, akautamani mchoro uleule.

Kabla ya hapo mstari wa gari ulikuwa na adabu iliyorithiwa kutoka kwa magari ya farasi. Ulifuata ubavu wa bodi, mmoja au miwili, ukaishia pale bati linapoishia. Viwanda vya Marekani viliajiri watu wa kuivuta mistari hiyo kwa mkono hadi miaka ya 1930. Howard hakuufuata ubavu. Mstari wake huanza mahali patupu, hujipinda, humvuka mwenzake, hutoa jino au jicho au sura ya kishetani, kisha hufifia kwenye ncha. Alama yake mwenyewe ilikuwa jicho lenye mabawa.

Alikufa 1992 huko Santa Paula, California, ambako alikuwa akiishi ndani ya basi alilolifanya nyumba na karakana. Biashara ya jina lake ilikuja baadaye: binti zake waliliuza, na kofia zikavuma mwanzoni mwa miaka ya 2000 vichwani mwa waimbaji na waigizaji ambao wengi wao, nadhani, hawakuwahi kuuona mstari wake hata mmoja. Kofia hizo hakuzishona wala hakuziona. Jambo jingine nisikufiche, kwa kuwa utalikuta ukianza kumtafuta: alikuwa mlevi, na alikuwa mbaguzi wa rangi kwa maneno yake mwenyewe, yaliyomo kwenye barua ya siku zake za mwisho iliyochapishwa baada ya kifo chake. Mkono wake nausoma na kuufundisha. Picha yake ukutani siweki.

Tena mzee wako alikuwa na sababu ya kusema "kina". Kulikuwa na kundi zima, na wengine walimtangulia.

Oakland, ng'ambo ya ghuba kutoka San Francisco, alikuwapo Tommy Hrones, aliyejulikana na kila mtu kama Tommy the Greek. Huyu alikuwa akivuta mistari tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na hakujaribu kushindana na mashetani ya Los Angeles. Alama yake ilikuwa chozi: mstari unaoanza na tumbo nono la mviringo, halafu unakonda taratibu kwa urefu mkubwa kuliko unavyotarajia. Hilo tu. Mtu wa Oakland akiliona chozi lile kwenye kona ya mlango hakuhitaji kuuliza nani amelichora. Katika wote nitakaowataja, mimi huyu ndiye ninayempenda zaidi, na nitamrudia tukifika kwenye swali lako la mwisho.

Dean Jeffries alikuwa kijana wa kusini mwa Los Angeles ambaye, akiwa askari huko Ujerumani, alimkuta fundi mzee wa kuchora mistari kwenye samani na piano, akajifunza kwake. Aliporudi alifanya kazi jirani na karakana ya ndugu wawili wa Barris mjini Lynwood. Mwaka 1955 mwigizaji James Dean alimpelekea Porsche yake ndogo ya mashindano ili iandikwe namba 130 na jina lake la utani. Dean alipata ajali na kufa akiendesha gari hilo tarehe 30 Septemba mwaka huohuo, na maandishi yale ya brashi yakawa miongoni mwa maandishi ya gari yaliyopigwa picha na kunakiliwa zaidi duniani.

Ed Roth, aliyeitwa Big Daddy, alianza na brashi kama wengine, lakini aligundua kwamba fulana hulipa kuliko boneti. Kwenye maonyesho ya magari alikaa na brashi yake ya hewa akiwachorea watu majitu ya kutisha kifuani, na panya wake mnene, Rat Fink, akawa maarufu kuliko gari lolote alilolipaka. Baadaye kampuni ya Revell ilitengeneza vijigari vya plastiki vya kuunganisha kwa kuiga magari yake, kwa hiyo watoto wasiojua California iko wapi walilijua jina la Roth. Alifariki 2001.

Larry Watson wa Bellflower alikuwa bado mwanafunzi alipoanza kuchorea watu magari, na tangazo lake lilikuwa gari lake mwenyewe, Chevrolet ya 1950 ya zambarau iliyoitwa Grapevine. Yeye aliutoa mstari kwenye boneti akaupeleka kwenye gari zima: kila bamba la bodi akalizungushia ukingo wa rangi moja na kulijaza kwa nyingine, hadi mikunjo ya bati aliyoifanya kiwandani mtu wa Detroit ikaonekana kana kwamba ilisubiri rangi hiyo. Mafundi wa zama hizo walifika pia kwenye lesi: unatandaza kitambaa cha lesi juu ya bati, unapuliza rangi, unakivua, na maua yanabaki. Ukiwa na pazia kuukuu unaweza kulijaribu hilo Jumamosi hii.

Mashariki mwa ghuba, Hayward, Joe Bailon alitumia miaka akiitafuta rangi nyekundu iliyoingia kichwani mwake alipouona mwanga wa taa za nyuma za gari ukimeremeta usiku wa mvua. Alipoipata, ikaitwa jina la tufaha la sukari linalouzwa kwenye maonyesho. Siri yake ni tabaka: chini dhahabu au fedha yenye chembe za metali, juu yake nyekundu inayopitisha mwanga, tena na tena. Mwanga unapenya, unagonga metali, unarudi ukiwa mwekundu. Kila pigo la juu huongeza giza, kwa hiyo mkono ukipitiliza mahali pamoja, pale pataonekana daima, na ukigongwa mlango mmoja kuupata weusi uleule wa wekundu kwenye mlango mpya ni karibu muhali. Jua nalo huila. Kwa matatu ya Mombasa inayoshinda nje mchana kutwa, usimwahidi mteja rangi hiyo bila kumwambia bei ya kuirudia. Bailon alifariki 2017 akiwa na miaka 94. Gene Winfield wa Modesto, aliyekuwa bingwa wa kuyeyusha rangi moja ndani ya nyingine bila kuonekana mpaka, alifariki 2025 akiwa na 97, na alikuwa bado anashika vyombo uzeeni.

Sasa mkono.

Umeuliza waliwezaje bila rula. Rula haina kazi kwenye bati lililopinda, na bati la gari lote limepinda, hata pale unapodhani limenyooka. Rula yako ni urefu wa manyoya ya brashi. Hizo ulizoachiwa, kwa maelezo yako, ni brashi za upanga: manyoya ya kindi, urefu wa karibu sentimita 5, kipini kifupi. Kampuni ya Mack ya Michigan, iliyoanza 1891, bado inazitengeneza. Manyoya yanalala juu ya bati nyuma ya mkono, yanaburutwa. Mkono ukitetemeka kidogo, mtetemo unakufia njiani kabla haujafika kwenye ncha inayochora. Brashi fupi ya msanii inafanya kinyume: kila kitetemeko inakiandika. Tena tumbo la manyoya hayo linabeba rangi ya kutosha kwenda zaidi ya mita moja bila kuchovya.

Ndiyo maana kabla ya kuchora lazima uilishe brashi vizuri. Chukua ukurasa wa gazeti lenye karatasi ya kung'aa. Chovya rangi, kisha ncha kwenye tapentaini, halafu buruta brashi mbele na nyuma juu ya ukurasa, upande huu na upande ule, mpaka manyoya yalale bapa na rangi iwe imeingia hadi karibu na shina. Utausikia uzito ukibadilika mkononi. Tapentaini ikizidi, mstari utatanuka pembeni. Ikipungua, utakatika katikati ya njia na kukuacha na mkia wenye meno. Hali ya hewa ya pwani inabadilisha kipimo tangu asubuhi hadi mchana, kwa hiyo usitafute kipimo cha kijiko. Fanya uamuzi wako juu ya ukurasa, gari baadaye.

Rangi yenyewe ilikuwa rangi ya mafuta ya wachora mabango, nzito kwa unga wa rangi na inayofunika kwa pigo moja. Iliyoenea kuliko zote ni ya chapa ya 1 Shot. Matoleo ya zamani yalikuwa na risasi, kwa hiyo kama mzee ameacha makopo makuukuu usiyachezee bila glavu, na ile tabia ya kulainisha ncha kwa mdomo iache leo.

Shika kipini kati ya kidole gumba na cha shahada. Kidole kidogo kiguse bati na kuteleza juu yake. Mkono wa kushoto ushike kifundo cha wa kulia. Kona unapoifikia usiupinde mkono, kizungushe kipini katikati ya vidole viwili hivyo, na manyoya yatageuka yenyewe. Unene unatokana na kubonyeza: ukilaza brashi, mstari unanenepa, ukiinua, unakonda. Chozi la Tommy the Greek ni hilo tu, kubonyeza kisha kuinua, ila kuinua kwake kulichukua muda mrefu mno. Macho yasiitazame brashi. Yatangulie, yatazame mahali inakokwenda. Na mstari mrefu wa ubavuni hauvutwi kwa mkono, unavutwa kwa miguu: mkono unabaki mahali pake mbele ya kifua, mwili ndio unaotembea.

Walikuwa na misaada, wala si aibu. Wengine hubandika utepe wa gundi sentimita chache juu ya njia ya mstari, wasiuguse, uwe wa kuelekeza jicho tu. Mistari miwili sambamba huvutwa kwa kupitisha kidole kimoja ukingoni mwa bati. Mchoro unaorudiwa upande wa pili wanautoboa kwenye karatasi vitundu vidogo, wanaugonga kwa unga wa chaki. Kuna pia kifaa cha gurudumu cha Beugler, cha tangu miaka ya 1930, kinachotoa mstari wa unene mmoja mwanzo hadi mwisho. Kinafaa kwa ubavu mrefu, lakini mstari wake hauna pumzi. Kwa michoro ya katikati ya boneti, piga kwanza mstari wa kati kwa chaki, chora pigo moja kushoto na ujibu papo hapo kulia, ukianza na upande unaokupa tabu. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, wa pili hautafanana nao.

Kosa likitokea, kitambaa chenye tapentaini kinalifuta bila kudhuru rangi ya chini, mradi ile ya chini imekauka kikweli. Mambo mawili huwaumiza vijana wengi hapa kwetu. La kwanza ni nta na dawa za kung'arisha zenye silikoni: zisipoondolewa, rangi hukimbia na kuacha vidoa vitupu. La pili ni kumwaga vanishi ya kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kugandisha, juu ya mstari wa rangi ya mafuta ambao haukutiwa hadina wala kupewa muda; mstari unakunjamana mbele ya macho yako na hakuna cha kuuokoa.

Kwa mazoezi tumia kioo cha dirisha. Chora, futa, chora. Wala usidhani kazi hii imepitwa. Kwenye kiwanda cha Rolls-Royce huko Goodwood, Uingereza, mstari wa ubavuni huchorwa kwa brashi ya manyoya ya kindi hadi leo, na Mark Court, aliyejulikana kwa kazi hiyo, alitolewa kwenye uchoraji wa mabango.

Brashi zako za urithi: zioshe kwa tapentaini mpaka isitoke rangi, zipake mafuta mepesi ya mashine, yanyooshe manyoya kwa vidole na uzilaze kwenye sanduku bapa. Usizisimamishe kwa manyoya. Usizitie kwenye thina kali. Kama rangi ilishagandia kwenye shina, manyoya yatakuwa yamefunguka mithili ya ufagio, na hapo zihifadhi kwa heshima yake na ununue nyingine za kazi.

Kuhusu kumkumbuka mzee, watu hukosea pa kuanzia. Wanadhani Wamarekani wale wanakumbukwa kwa sababu magari yao yametunzwa. Magari mengi yalipakwa upya baada ya mwaka mmoja au miwili, mara nyingi na fundi yuleyule, kwa sababu mtindo ulibadilika na mwenye gari alitaka kwenda na wakati. Kilichowabakisha ni karatasi. Jarida la Hot Rod lilianza 1948, na lile la Rod & Custom 1953, na yote yalihitaji picha kila mwezi. Waangalie wale ndugu wawili wa Lynwood. Sam Barris ndiye aliyekuwa na mikono ya bati ambayo mafundi wenzake waliistahi. Aliiacha kazi hiyo katikati ya miaka ya 1950 na akafariki 1967. George alikuwa na kamera na kalamu, akapiga picha magari yaliyotoka karakanani na kuandika juu yake. Leo ukiuliza mtu mtaani atakutajia George.

Hapa kwetu sheria hiyo ni ileile. Edward Saidi Tingatinga alichora Dar es Salaam kwa rangi ya baiskeli, rangi ambayo mpakaji rangi yeyote wa magari aliijua, na alikufa 1972 baada ya miaka michache tu ya kazi. Jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji. Vibao vyake vilinunuliwa vikapelekwa majumbani, vikatundikwa. Aliyechora lori mwaka uleule, lori lilirudi barabarani, likabambuka, likapigwa msasa. Na Kenya tuliwahi kupoteza kazi ya kizazi kizima kwa mkupuo mmoja: kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilipoanza kutumika Februari 2004, mstari wa manjano ukawa lazima na michoro ya matatu ikapigwa marufuku. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wachoraji waachiwe wachore tena, lakini za kabla ya hapo zilikuwa zimeshalala chini ya rangi. Siku hizi stika kutoka kwenye mashine ya kuchapisha inafunika ubavu wa nganya, yaani matatu iliyorembwa, kwa siku moja, na stika haina mkono wa mtu.

Kwa hiyo usilitafute gari zima lililosalimika. Tafuta mahali ambapo mpakaji rangi mvivu hafiki. Ndani ya milango. Chini ya mfuniko wa buti. Kifuniko cha tangi la mafuta. Dashibodi hasa. Mercury ya Bob Hirohata, iliyotoka karakana ya Barris 1952 na kuuzwa kwa zaidi ya dola milioni 2 mnamo 2022, ilibadilishwa rangi na kurudishwa, lakini mistari ya Von Dutch kwenye dashibodi ilidumu kwa kuwa hakuna aliyekuwa na sababu ya kuipaka. Kwenye tuktuk tazama ndani ya kioo cha mbele na nyuma ya kiti cha dereva.

Pale ambapo rangi mpya imefunika, msasa laini wa maji unaweza kukusomea. Omba ruhusa kwa mwenye gari, chagua mahali pa siri, saga duara dogo ukiwa umelowesha bati na umevaa barakoa. Tabaka zitatokea moja ndani ya nyingine, ya juu nje, ya kwanza kabisa katikati. Hapo utazijua rangi alizozipanga mzee na kwa mfuatano gani, hata kama mchoro wenyewe hautauona.

Muhimu kuliko yote, uandike mkono wake, na hapa ndipo ninapomrudia Tommy the Greek. Watu wa Oakland waliweza kumtambua kwa chozi bila saini. Mzee wako naye alikuwa na tabia zake, na wewe uliyesimama pembeni yake ukimshikia kopo ndiye unayezijua. Alianza mstari kwa ncha nyembamba au kwa tumbo? Mistari miwili ilipovukana, aliupitisha upi juu? Aliacha nafasi gani kati ya mstari na ukingo wa bati? Herufi gani aliipa mkia? Alitia kivuli upande gani wa maandishi, na alichanganya nini kupata ile rangi ambayo wateja walimfuatia? Chora kila jibu kwa brashi kwenye kibao, liandikie maelezo chini, uwaonyeshe wanafunzi wake wengine wakusahihishe. Watabishana, na mabishano hayo yaandike pia. Kibao hicho kitie jina lako na tarehe, ukieleza kwamba ni wewe unayemwiga; bila hivyo baada ya miaka ishirini mtu atakiuza kama kazi ya mzee.

Kila picha utakayoipata iandikie namba ya gari, njia lililokuwa likifanya, mwaka kama unajulikana, jina kamili la fundi na la mwenye gari, pamoja na nani alipaka rangi ya chini kama hakuwa yeye. Kazi ya matatu hupitia mikono mingi, na wa bodi na wa msasa hawatajwi kamwe. Picha za zamani ziko kwa makondakta waliostaafu kuliko kwa wenye magari. Kondakta ndiye aliyepiga picha akiegemea mlango. Daftari la mzee lipige picha ukurasa kwa ukurasa kama lilivyo, usibandue kitu, kwa sababu alichokiweka kando ya nini ndicho kinachoonyesha alikuwa akifikiria nini. Familia yake iwe na nakala ya kila kitu kabla hujaweka chochote mtandaoni.

Anza na tuktuk, kwa maana hizo hubadilisha wamiliki upesi. Na ukipata gari ambalo mlango wake wenye mchoro unang'olewa ili uwekwe mwingine, usiridhike na picha. Fundi wa bodi ataliuza bati lile kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu jioni hiyohiyo. Mlipe bei ileile na uondoke nalo.